Kuvunja kwa Macho

Siku niliyoibeba mota ya jokofu langu lililokufa, nikaipeleka kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu kule Kariobangi, upande wa karakana uitwao Light Industries, nilikuwa nimekwisha kuipangia bei moyoni, nayo ilikuwa bei njema. Maana jokofu lile lilinihudumia miaka kumi na minne katika nyumba ya Umoja ambamo umeme huja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu, na mtu aliyetumikiwa na kitu muda mrefu hivyo hudhani kwamba utumishi ule ungalimo ndani yake, umeganda humo kama samli. Mnunuzi, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, hakuutazama utumishi. Aliipindua mota kwa ncha ya kiatu, akainama, akagusisha sumaku kwenye vijibomba vitatu vyekundu vilivyochomoza ubavuni mwake, akainyanyua kwa mkono mmoja, akaitua, akanyamaza kadiri ya pumzi tatu, kisha akataja bei iliyokuwa pungufu ya nusu ya ile yangu.

Nilichukizwa, wala sitaficha. Niliipokea fedha kwa kuwa mgongo wangu ulikataa kuirudisha mota nyumbani, lakini sikuondoka; niliomba kigoda, nikaketi kivulini mwa mabati yake, nikiwa na nia ya kumshika katika kosa. Yeye alicheka, akaniambia, "Keti, Mwalimu, mota yako itapasuliwa alasiri, utajionea mwenyewe." Basi nikaketi tangu saa tatu, na kabla adhuhuri haijafika nilikuwa nimesahau kilichoniketisha.

Kazi ya kwanza ya mtu huyu ni kukivunja kitu kwa macho kabla nyundo haijakigusa. Baiskeli iliyoegemezwa ukutani, kwetu sisi ni baiskeli. Kwake ni chuma chepesi, mpira usio na mnunuzi, na labda alumini kidogo kwenye rimu. Rejeta ya gari ni shaba na shaba ya manjano zilizounganishwa kwa risasi, au, ikiwa ya gari la siku hizi, ni alumini na plastiki. Lugha yetu yenyewe imebeba historia ya elimu hii pasipo sisi kutanabahi: neno sufuria limetokana na jina la Kiarabu la shaba ya manjano, ambayo wazee wa pwani waliiita sufuri, lakini chukua sufuria yoyote iliyouzwa Gikomba leo, umpelekee mnunuzi kwa jina lake hilo la fahari, naye atakutajia bei ya alumini. Jina haliwekwi mizanini.

Sumaku ndiyo kadhi wake wa kwanza. Chuma hunasa, shaba, risasi na alumini hupitwa kimya. Bomba la chuma lililopakwa shaba hung'aa sawa na la shaba tupu, na hapo sumaku huumbua uongo mara moja, ndiyo maana vijibomba vya mota yangu viliguswa kabla ya kitu kingine. Lakini hata kadhi hughafilika: chuma kisichoshika kutu, kile cha masinki na vijiko vya harusi, aghalabu hakinaswi, na mwanafunzi asiyejua hukitupa katika fungu la alumini akala hasara; na uko waya ulio mwekundu kwa nje na mweupe kwa ndani, alumini iliyovikwa koti la shaba, ambao sumaku haina la kusema juu yake hata kidogo. Huo hutaka tupa, mkwaruzo mmoja tu, na jicho lisilo na haraka.

Baada ya sumaku huja mkono, na hapa ndipo nilipoanza kumwonea mzee yule gere. Ukubwa wa lita moja ya alumini una kilo 2.7, wa chuma una karibu kilo 8, wa shaba unakaribia 9, wa risasi unapita 11. Hayo yameandikwa vitabuni, nami nimeyafundisha kwa chaki miaka mingi, ila sijapata kuyahisi katika kifundo cha mkono kama ayahisivyo yeye, ambaye hunyanyua kipande kilichojaa masizi na matope na kujua, kwa jinsi kinavyomvuta bega, kwamba uzito huu haulingani na umbo hili. Katika karne ya 12, huko Khorasan, al-Khazini aliandika Kitabu cha Mizani ya Hekima, ambacho tarehe yake ni 1121, akafafanua, juu ya msingi wa wataalamu waliomtangulia kama al-Biruni, namna ya kupima kitu hewani na kukipima tena majini ili ijulikane kama dhahabu imeghushiwa kwa fedha. Mzee wa Kariobangi hana beseni la maji wala hajamsikia Khazini, lakini ghushi anayopambana nayo ni ile ile, ila imevaa matambara: bomba lililojazwa mchanga na kuzibwa ncha zote mbili, gunia la vikopo lililoroweshwa maji usiku, saruji iliyogandishwa ndani ya kichwa cha injini. Kijana mmoja alileta bomba la namna hiyo mbele ya macho yangu. Mzee aliligonga kwa bisibisi, akasikiliza, akamrudishia bila ukali: "Mwanangu, mchanga hununuliwa kwa lori, si kwa kilo." Kijana alicheka kwa haya, akaenda kando akalimwaga.

Kitu kikiisha kujulikana ndipo bei huzaliwa, nayo haizaliwi hapo uani. Huanza mbali, ikarudi kinyumenyume, ikipungua kila kituo ipitacho. Tuseme tanuri la kuyeyushia chuma linalipa shilingi 40 kwa kilo mlangoni pake. Toa humo mafuta ya lori, toa wapakizi, toa kodi ya ua na leseni, toa uchafu na kutu ambavyo kiwanda kitavikata katika hesabu yake, toa riba ya fedha aliyokopeshwa na tajiri mkubwa ili awe na kulipa jioni, toa chakula cha watoto wake mwenyewe. Kinachosalia ndicho anachoweza kukutajia, na akizidisha shilingi mbili kwa ajili ya uso wako mzuri, amezitoa katika chakula hicho. Mabati na vikopo vina msiba wao wa peke yake: lori hujaa kabla halijalemewa, nauli ikabaki ile ile ingawa kilo ni chache, na likifika tanurini bati jembamba lenye kutu huteketea sehemu yake likawa taka. Kwa hiyo mtu aliyesukuma mkokoteni wenye mlima wa mabati kutoka Kayole hushangaa, na pengine hulaani, akimwona mwenziwe aliyeleta ekseli moja ya lori akilipwa bei bora kwa kila kilo. Hakuna dhuluma hapo, ila ni vigumu kumweleza mtu aliyetoka jasho kwamba jasho lake halimo katika hesabu.

Ama shaba, mizizi yake iko ng'ambo. Bei yake huegemea soko la madini la London, lililoanzishwa mwaka 1877, ambalo mapatano yake ya miezi mitatu yalitokana na muda uliohitajika kwa merikebu kufikisha shaba ya Chile na bati la Malaya katika bandari za Uingereza. Nafikiri ni ajabu ya kutosha kwamba mwendo wa merikebu za karne ya kumi na tisa ungali ukisikika katika ujumbe wa simu anaoupokea mzee wangu kila asubuhi kabla ya kufungua kufuli, na kwamba mtu anayefukua waya katika jaa la Dandora hutajirika au hufukarika kwa kiasi cha sahani moja ya wali kwa sababu ya watu ambao hawajui kwamba Dandora ipo. Mnunuzi asiye na busara hulimbika shaba ghalani akingoja ipande. Huyu wangu huiuza Ijumaa, ipande isipande. Anasema fedha iliyolala haimnunulii mtu chuma cha kesho.

Kisha kuna bei ya pili, ambayo wageni wa kazi hawaijui. Si kila chuma huenda kuyeyushwa. Bapa la pipa lisilotoboka, nondo iliyonyooka, springi ya lori, chuma pembe chenye urefu wa hatua mbili: hivi huwekwa kando, kwani mafundi wa Kamukunji, wafuao majiko, masanduku na makarai, huvinunua kwa zaidi ya kile tanuri lingetoa. Springi katika fungu la kawaida ni chuma tu. Mikononi mwa mhunzi ni panga na patasi, kwa kuwa ina pua nzuri. Hivyo mzee akiipokea springi hulipa kidogo juu ya bei ya fungu, si kwa ukarimu, bali kwa sababu amekwisha kumwona, katika mawazo yake, fundi atakayeitaka.

Vipo pia vitu visivyo na bei. Mfuniko wa mtaro, mita ya maji, kipande cha reli, nguzo ya alama ya barabarani, chuma pembe chenye matundu ya skrubu kilichotoka katika mnara wa umeme: mbele ya hivi mzee hutikisa kichwa kabla mzigo haujatua. Mwezi Januari 2022 minara ya njia ya umeme itokayo Kiambere kwenda Embakasi ilianguka, nchi ikaingia gizani, na siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu. Ikafungwa hadi Mei ya mwaka ule ule, na waaminifu wakala njaa pamoja na wezi. Sheria ya Vyuma Chakavu ilikuwapo tangu 2015, ikidai leseni, lakini sheria haimtambui mwizi mlangoni. Anayemtambua ni mtu aliyeshika sumaku. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, nami nilipomkumbusha mzee methali hiyo alinijibu kwamba yeye ndiye "wa kwao" anayesemwa. Daftari lake, lenye jina la kila muuzaji na kitu alicholeta, hulala chini ya mto wake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wakati mwingine mwenye mali naye.

Juu ya mizani nitasema machache, ingawa sura ya 83 ya Kurani imepewa jina la wapunjao vipimo, na hilo lamtosha mwenye kuogopa. Mizani yake ina muhuri wa serikali, na uso wake umeelekezwa kwa muuzaji.

Lililonigusa kuliko yote halikuwa ujuzi wa metali. Adhuhuri alikuja mtoto wa miaka kama kumi na mmoja, amebeba kilo nne za vikopo, na bei yake haikufika thamani ya chapati kwa maharagwe. Nilitaraji mzee azidishe. Hakuzidisha, alilipa kilo nne kwa bei ya kilo nne, akaandika, kisha akamtuma mtoto kibandani kuleta chai mbili na chapati mbili, na moja ya kila kitu ikawa ya mtoto. Nilipomuuliza kwa nini hakutia tu fedha hiyo katika bei, akaniambia, "Mwalimu, nikitia huruma kwenye kilo, kesho sitajua kilo ni nini." Nimelifikiri neno hilo mara nyingi. Wako wanunuzi wanaobana hata wauzaji wakahamia ua wa pili, na wako wenye moyo laini waliofunga milango kabla ya mwezi kuandama mara ya pili. Huyu alikuwa ameitenga sadaka na hesabu, kila moja ikakaa safi. Jambo moja sikubaliani naye, nalo ni shaba iliyochomwa. Huinunua kwa bei ya chini kuliko iliyochunwa, akiamini kwamba tofauti hiyo itawafunza vijana kuacha kuunguza waya. Lakini moshi mweusi ungali unapanda kila magharibi kando ya mto, na vifua vinavyouvuta havijui tofauti ya bei.

Saa kumi alasiri mota yangu iliwekwa juu ya gogo. Hapo ndipo nilipoelezwa siri ya bei iliyonichukiza: mota ya jokofu imefungwa kwa kulehemiwa pande zote, hakuna awezaye kuona kama waya uliozungushwa ndani ni wa shaba au wa alumini, na kwa kuwa hawezi kuona, mzee hulipa wastani wa mota zote alizowahi kupasua, akipata katika hii na kupoteza katika ile. Msaidizi akaikata kwa grainda, cheche zikaruka, mafuta meusi yakamiminika koponi. Ndani waya ulikuwa mwekundu kama dafina, nami nikasimama, nikihesabu moyoni kiasi nilichodhulumiwa. Mzee akachukua tupa, akakwaruza mara moja. Chini ya wekundu ule wa rangi palikuwa peupe.

"Alumini," akasema, akaandika.

Nilitia mkono mfukoni, nikamwambia kwamba ni insafu nimrudishie kitu kidogo. Akanitazama juu ya ile miwani yenye uzi. "Ingekuwa shaba, Mwalimu, ningekufuata Umoja nikuongeze?" Akautupa waya kwenye fungu lake, akafuta mikono, akamgeukia mama mmoja aliyekuwa akishusha gunia mgongoni, na sumaku ilikuwa tayari mkononi mwake.