Seli Shina na Fistula za Ugonjwa wa Crohn: Kipi Kiliponya?

Ugonjwa wa Crohn, ambao hutokea pale kinga ya mwili inapoushambulia ukuta wa utumbo bila kukoma, huweza kusababisha fistula, yaani mfereji usio wa kawaida unaotoka ndani ya puru hadi kwenye ngozi iliyo kando ya tundu la haja kubwa, ukawa unavuja usaha kwa miezi au hata miaka. Mwaka 2003, Damián García-Olmo na wenzake wa Madrid walieleza jinsi walivyomtibu mgonjwa wa Crohn mwenye fistula kati ya puru na uke kwa seli shina zilizotolewa katika mafuta ya mwili wake mwenyewe; baadaye zikatumika seli za wafadhili, zilizokuzwa maabara, katika dawa iitwayo darvadstrocel.

Matibabu yenyewe yalianza kwa upasuaji: mfereji ulikwanguliwa na kupitishiwa uzi wa kutoa usaha, kisha, baada ya wiki chache, uzi ukaondolewa, tundu la ndani likashonwa, na seli milioni 120 zikadungwa, nusu kulizunguka tundu hilo na nusu katika kuta za mfereji. Seli hizo hazikutarajiwa kugeuka nyama ya kuziba pengo, bali kutoa kemikali zinazotuliza seli za kinga, ili jeraha lipate nafasi ya kupona.

Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2016, wagonjwa 212 waligawanywa kwa bahati nasibu, na baada ya wiki 24 asilimia 50 ya waliopewa seli walikuwa wamepata nafuu iliyothibitishwa kwa picha za MRI, dhidi ya asilimia 34 ya waliodungwa maji ya chumvi; Umoja wa Ulaya ukaidhinisha dawa hiyo mwaka 2018. Hata hivyo, jaribio kubwa zaidi, ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2023, halikuonyesha tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili, na mwaka 2024 dawa ikaondolewa sokoni Ulaya.

Ikumbukwe kwamba kundi linganishi nalo lilikwanguliwa na kushonwa vilevile, na karibu nusu yake ilipata nafuu katika jaribio hilo la pili. Kwa hiyo upasuaji makini wenyewe ni tiba, na yeyote anayemuuzia mgonjwa seli shina anawajibika kuonyesha kwanza kwamba zinaongeza kitu juu ya upasuaji huo.