Kuwasha Taa au Kufungua Daftari? Juu ya Vitenzi Viwili vya Kompyuta

Mjadala wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umeelemea mno kwenye majina: kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Vitenzi vimeachwa vijitafutie njia. Makala haya yanachunguza viwili, kuwasha na kuzima, vinapotumiwa kueleza kazi moja ya mfumo endeshi, yaani kuweka hesabu za michakato.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Katika Toleo la 7 la Unix, la mwaka 1979, amri accton ikifuatwa na jina la faili iliyokwisha kuwapo huanzisha hesabu. Ikitolewa peke yake huisitisha. Katika muda huo, kila mchakato unapomalizika mfumo huandika jina la amri, mtumiaji na muda uliotumika. Mchakato usiomalizika hauandikwi kamwe, wala mashine ikianguka ile iliyokuwa ikiendelea haiandikwi.

Anayefasiri kwa kamusi tu atasema "kuwasha uhasibu wa michakato". Neno uhasibu lina utetezi wake, kwani mashine hizo zilitumiwa kwa ushirika na muda wake uliweza kutozwa fedha. Ama kitenzi kuwasha, hicho kinapotosha. Taa ikiwashwa huonyesha yaliyopo sasa. Ikizimwa, mwanga hausalii. Hesabu hizi ni kinyume: hazionyeshi yanayotendeka bali yaliyokwisha kutendeka, na zikisitishwa, yaliyoandikwa hubaki. Kwa lugha ya sarufi, kumbukumbu hii ni ya -me-, si ya -na-.

Tuchukue mfano wa Kanyakine, katika Meru, ambako mwanafunzi huja na Kimeru chake kabla ya Kiswahili cha darasani. Huyu hahitaji taa ili aelewe. Wilaya ya Meru ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza ambako Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kupanda kahawa, katika miaka ya 1930, na desturi ya kiwanda cha kahawa inajulikana sana. Mkulima huleta kahawa mbivu, karani hupima na kuandika kilo. Iliyo bado mtini haimo daftarini. Daftari likifungwa jioni, kilo za asubuhi hazifutiki.

Kwa hiyo napendekeza kufungua na kufunga daftari la michakato. Huenda ikasemwa kwamba daftari ni la karatasi, haliifai mashine. Lakini amri yenyewe hudai faili iwepo kabla ya kuandikwa, kama karani adaivyo daftari mezani kabla ya mizani.

Hili si suala la urembo wa lugha. Msimamizi anayedhani kwamba "amezima" ataamini kuwa hakuna alama iliyobaki ya kazi za watu, kumbe ipo. Istilahi inayomdanganya mtumiaji juu ya kinachohifadhiwa kumhusu, hata ikiwa Kiswahili sanifu, haijatimiza wajibu wake.