Mapigo ya Prosesa na Subira ya Memori

Kasi ya prosesa ni zao la hesabu ya kuzidisha: mapigo ya msingi yanayotoka kwenye mazabodi huzidishwa kwa namba iliyowekwa ndani ya prosesa yenyewe. Celeron 300A, iliyotolewa na Intel mwaka 1998, ilipokea mapigo ya megahezi 66 na kuyazidisha kwa 4.5 ili kufikia 300. Kizidisho kilikuwa kimefungwa, lakini mapigo ya msingi yaliachwa wazi, na aliyeyapandisha hadi 100 alipata megahezi 450, mara nyingi bila prosesa kulalamika. Huo ulikuwa ujanja tu. Ufundi unaostahili sifa ulionekana pale ilipobidi prosesa na memori zipande pamoja, kila moja ikiwa na kikomo chake.

Mfano mzuri ni Athlon XP 2500+ ya AMD, toleo la Barton la mwaka 2003, ikiwekwa kwenye mazabodi ya chipu za nForce2. Ilitoka kiwandani na mapigo ya megahezi 166 yaliyozidishwa kwa 11, yaani takriban 1,833. Msingi ukipandishwa hadi 200, jumla inakuwa 2,200, kasi ileile ya 3200+ iliyouzwa mwaka huohuo kwa bei ya juu zaidi. Hata hivyo, nForce2 ilitaka memori na njia ya prosesa, yaani ile inayopitisha data kwenda na kutoka kwake, viende kwa mapigo sawa. Memori ikikimbia kwa 200 huku njia ikibaki 166, data ililazimika kungoja kwenye makutano, na kompyuta mara nyingi ilizidiwa na ile iliyokuwa na memori ya polepole lakini inayolingana. Hata bila kungoja huko, njia ya prosesa yenye mapigo ya 200 hupitisha gigabaiti 3.2 kwa sekunde, na kipande kimoja cha memori ya DDR400, ambayo nayo hupiga 200, hutoa kiasi hichohicho. Kinachozidi hapo hakina mahali pa kupita.

Ndani ya memori, kila biti ni chaji ndogo ya umeme, na biti zimepangwa kwa safu mlalo na safu wima. Ili kusoma, safu mlalo hufunguliwa, kisha safu wima huchaguliwa. Kabla ya kufungua nyingine, ile ya kwanza hufungwa. Kila hatua ina kipindi chake cha kusubiri, kinachohesabiwa kwa mapigo na kuandikwa kwenye lebo kama 2-2-2 au 3-4-4. Wengi huteleza hapa, kwa kuwa idadi ya mapigo peke yake haisemi muda. Kwa megahezi 166 pigo moja huchukua nanosekunde 6. Kwa 200 huchukua 5. Kungoja mapigo mawili kwa 166 ni nanosekunde 12, ilhali mapigo matatu kwa 200 ni 15. Aliyelegeza kipindi hicho kutoka mawili hadi matatu ili afike 200 alipanua njia kwa sehemu moja ya tano, lakini data ya kwanza ilichelewa kufika. Kwa kubana video, ambako data hutiririka kwa mfululizo, huenda amefaidi. Kwa michezo inayorukaruka huku na huku ndani ya memori, faida hiyo hupungua.

Kwa hiyo fundi wa kweli hujua chipu ya memori iliyojificha chini ya bamba la alumini. BH-5 za Winbond zilipendwa kwa kushikilia 2-2-2 na kuzidi kuchangamka zikipewa zaidi ya volti 3, wakati kawaida ya DDR ni 2.5. TCCD za Samsung hazikuwa na haja ya volti nyingi. Zilitaka vipindi vilegezwe kidogo, kisha zilipita megahezi 250. Fundi anayezipa zote mbili dawa moja anaharibu mojawapo.

Prosesa nayo hudai volti, na hapo joto halisamehe: nishati inayotumika hukua pamoja na kasi na kwa kipeo cha pili cha volti. Ongezeko la asilimia 20 la kasi na 10 la volti huleta joto zaidi kwa karibu asilimia 45.

Utaratibu ni wa polepole, na ndio unaomtofautisha fundi na mbahatishaji. Memori hulegezwa ili kikomo cha prosesa kijulikane peke yake. Kisha kizidisho hushushwa, kama hakijafungwa, ili kikomo cha memori kipatikane. Vikikutanishwa, kwa kawaida kimoja hurudi nyuma kidogo. Programu ya majaribio ya Memtest86 huendeshwa kabla mfumo wa uendeshaji haujawashwa, kwa sababu memori yenye kasoro huweza kuharibu mafaili kimyakimya. Nyingine, Prime95, hulinganisha hesabu za prosesa na majibu yanayojulikana, usiku kucha. Kompyuta inayozimika ghafla ni afadhali kuliko inayokosea biti moja bila kusema.

Kanuni ya kulinganisha mapigo ilirudi kwa prosesa za Ryzen. Katika kizazi cha mwaka 2019, njia ya ndani ya prosesa hulingana vizuri na memori ya DDR4-3600, inayopiga megahezi 1,800. Juu kidogo ya hapo njia hiyo mara nyingi hushindwa kufuata, uwiano huvunjika na kungoja huongezeka. Ndiyo maana DDR4-3600 yenye kipindi cha mapigo 16, sawa na nanosekunde 8.9, huweza kuishinda memori ya 4000 iliyonunuliwa kwa fedha nyingi zaidi.