Macho ya Kuazima

Kazi ya mhakiki ni kupima kitu kwa madhumuni yake. Kisu hakilaumiwi kwa kutochota maji, wala kata hailaumiwi kwa kutokata nyama. Basi, msomaji, tutazamapo programu ya kompyuta iitwayo NASA's Eyes, yaani Macho ya NASA, yatupasa kwanza kuuliza inadai kufanya nini. Jina lenyewe lajibu: inadai kutuazima macho. Nataka tuyapime macho hayo, tujue yanaona nini, na ni wapi yanapoona kisichopata kuonwa na mtu yeyote.

Programu hii ilitengenezwa katika maabara ya Jet Propulsion Laboratory, iliyoko Pasadena, California, ambayo huendesha safari nyingi za vyombo visivyo na watu kwa niaba ya NASA, shirika la anga la Marekani. Sehemu yake ihusuyo jua na sayari zake ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 2010. Haina malipo. Mwenye kompyuta na intaneti aweza kuisimamisha Zohali mbele yake, akaizungusha kama mnunuzi ageuzavyo embe sokoni. Aweza kurudisha tarehe nyuma au kuipeleka mbele, na kuharakisha wakati hata mwaka mzima ukapita kwa pumzi moja.

Sifa yake kubwa ni kwamba mwendo wake si wa kubuni. Mahali pa kila sayari na kila chombo pamehesabiwa kwa kumbukumbu za waongozaji wa safari wenyewe. Hili ndilo linaloitenga na sinema. Katika sinema chombo huenda apendako mpiga picha. Hapa chombo huenda kilikokwenda kweli. Ukiweka tarehe ya 25 Agosti 1989, utakikuta Voyager 2 kikiipita Neptune, kilomita kama 5,000 tu juu ya mawingu yake, miaka 12 baada ya kuondoka duniani. Hakuna kitabu cha jiografia kiwezacho kukuonyesha jinsi njia ile ilivyopindwa na uzito wa Mushtarii, kisha Zohali, kisha Uranus, kila sayari ikimpokeza mgeni kwa jirani yake. Ukurasa ni bapa, na mishale iliyochorwa juu yake haiendi. Kwa jambo hili moja programu yastahili sifa bila kusitasita.

Lakini tazama sasa Cassini. Chombo hiki kiliondoka mwaka 1997, kikafika Zohali mwaka 2004. Mafuta yake yalipokaribia kwisha, wakuu wake walichelea kisije kikaanguka siku moja juu ya mwezi Enceladus, wenye bahari chini ya barafu yake, kikauchafua kwa vijidudu vya dunia. Kwa hiyo kilipitishwa mara 22 kati ya sayari na pete zake, kisha tarehe 15 Septemba 2017 kikatumbukizwa katika angahewa ya Zohali kikateketea. Programu yakuwezesha kuandamana nacho katika siku zake za mwisho, kana kwamba unaruka ubavuni pake.

Je, walioko Pasadena siku ile waliona nini? Waliona mstari juu ya kioo, wenye kilele kimoja chembamba. Kilele kikashuka, na kazi ya miaka 20 ikaisha. Ilikuwa yapata saa 8:55 mchana kwa saa za Afrika Mashariki. Na hata kilele kile kilikuwa habari ya kale, kwani ishara ilikuwa imesafiri dakika 83 kwa mwendo wa nuru. Walipokuwa wakikitazama, chombo chenyewe kilikuwa majivu zamani. Basi mwanafunzi aliye mbele ya programu aona zaidi ya walivyoona wahandisi wenyewe. Jambo hili si la kufurahia moja kwa moja. Mtu aliyezoea kuona Cassini kwa nje, kiking'aa, hatajiuliza nani alikuwa nje kukipiga picha. Hakuwako mtu. Alichokitazama ni mchoro mzuri uliowekwa juu ya hesabu ya kweli, na programu haisemi kwa sauti ya kutosha ni wapi hesabu yakoma na mchoro waanza. Hapo ndipo kosa lake kubwa lilipo.

Linganisha na habari ya Mariner 4. Mnamo Julai 1965 chombo hicho kiliipita Mirihi, kikapiga picha za kwanza za sayari hiyo kutoka karibu, zipatazo 22. Kila picha ilikuwa na mistari 200, na kila mstari vidoa 200, na kuileta duniani picha moja kulichukua saa nane na zaidi. Wahandisi hawakuweza kuingoja mashine iisafishe picha ya kwanza. Walichapa tarakimu katika vipande virefu vya karatasi, wakavibandika ukutani, wakapaka kila tarakimu rangi yake kwa chaki. Kwa mikono yao, tarakimu kwa tarakimu, ukingo wa Mirihi ukatokea. Picha ile ni mbovu mno ikipimwa kwa uzuri, lakini yasema wazi jinsi ilivyopatikana. Laiti watengenezaji wa programu wangeweka mahali pamoja tu ambapo mwanafunzi angepewa tarakimu badala ya sayari!

Kuna na suala la nuru na umbali. Neptune hupata nuru ya jua iliyo hafifu kuliko yetu mara 900 hivi, nayo juu ya kioo yaweza kung'aa kama kaniki mpya iliyoanikwa. Umbali nao huliwa na kidole kimoja kinachobonyeza. Ukitaka kuurudisha, chukua chungwa lenye upana wa sentimita 8 liwe jua. Dunia itakuwa punje isiyotimiza milimita moja, hatua kumi hivi kutoka hapo. Neptune itakuwa mbali zaidi ya mita 250, pengine nje ya uwanja wa shule. Chungwa hilo halitakuonyesha pete za Zohali, lakini litakuchosha miguu, na uchovu huo ni elimu ambayo programu haiwezi kuitoa.

Kwa kuwa ni kazi ya shirika la Marekani, safari za Marekani ndizo zilizopewa sebule. Hilo si la ajabu. Kila mwenyeji huanza na watoto wake. Hata hivyo msomaji asisahau kwamba wa kwanza kutua Zuhura na kutuma habari kutoka huko kilikuwa chombo cha Kirusi, Venera 7, tarehe 15 Desemba 1970.

Siku tatu kabla ya hapo, tarehe 12 Desemba, setilaiti moja ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, Marjorie Townsend, msimamizi wa kazi hiyo huko NASA, aliipa jina la Kiswahili, Uhuru. Haikwenda katika sayari yoyote, wala haikupiga picha ya kupendeza ya kutundikwa ukutani. Ilizunguka dunia hadi Machi 1973 ikipima miale ya eksirei itokayo mbinguni, na orodha yake ya nne ina vyanzo 339 vya miale hiyo, ambayo jicho la mtu haliioni hata likisogezwa karibu kiasi gani.