Namna ya Kulijua Soko Bora la Ubashiri wa Mapigano ya MMA

Usiku wa tarehe 29 Julai 2017, mjini Anaheim katika jimbo la California, Jon Jones alimwangusha Daniel Cormier kwa teke la kichwa katika raundi ya tatu, akavishwa mkanda mbele ya umma uliofurika ukumbini. Na ilipofika Septemba, baada ya vipimo kudhihirisha dawa iliyoharamishwa mwilini mwake, tume ya michezo ya jimbo hilo iliutengua ushindi ule na kuliandika pambano kuwa lisilo na matokeo. Msomaji anayetaka kuyapambanua masoko ya ubashiri, ajue lipi ni bora na lipi ni duni, na aanze kwa kuliuliza kila moja suala hili: fedha za usiku ule zingekwenda kwa nani, na je, zikishalipwa zingedaiwa zirudi? Soko lililoandika jawabu lake kabla ya kengele kulia lina msingi. Lisiloliandika, hata bei zake zikiwa za kuvutia namna gani, si mahali pa kuweka amana.

Wengi wetu tumezoea kampuni za mikeka, ambamo mwenye duka ndiye apangaye bei na ndiye huyohuyo anayeshindana na mteja. Akitoa odi ya 1.50 kwa mpiganaji mmoja na 2.60 kwa mwenziwe, ukizigeuza kuwa asilimia utapata 66.7 na 38.5, jumla yake ikapita 105, na ile ziada juu ya mia ndiyo fungu lake. Katika soko la ubashiri mambo ni mengine: huuzwa hati inayolipa dola 1 iwapo jambo fulani litatokea, isilipe kitu lisipotokea, na bei yake, tuseme senti 62, huwa ndiyo rai ya wanunuzi na wauzaji waliokutana humo, ilhali msimamizi hungoja ujira wake tu. Chuo Kikuu cha Iowa kilianza kuuza hati za namna hii mwaka 1988 juu ya uchaguzi wa rais wa Marekani. Betfair ya London ikaleta mnada wa wabashiri wa michezo mwaka 2000. Na leo wanaotajwa zaidi ni Polymarket, iliyoasisiwa mwaka 2020, na Kalshi, iliyopata idhini ya serikali ya Marekani mwaka huohuo na kuingiza hati za michezo mwaka 2025.

Sasa turejee kwenye sharti la malipo, maana hapo ndipo ustadi wa mpimaji unapoonekana, na MMA ina milango mingi ya matokeo kuliko michezo mingi. Mpiganaji aweza kushinda kwa kipigo, kwa kabali, kwa kauli moja ya majaji watatu au kwa kauli iliyogawanyika; aweza kutoka sare; na pambano laweza kufa katikati, kama lilivyokufa lile la Tom Aspinall na Ciryl Gane huko Abu Dhabi tarehe 25 Oktoba 2025, kidole kilipoingia jichoni katika raundi ya kwanza na bingwa, Aspinall, akashindwa kuendelea. Chukua hati iliyonunuliwa kwa senti 80 juu ya Aspinall. Ikiwa sharti lasema kwamba pambano lisilo na matokeo hufuta kila kitu, mnunuzi hurejeshewa 80 zake, likisema kila upande ulipwe nusu, hupata 50, akapoteza 30 pasipo mtu wake kushindwa, na ikiwa hati yauliza tu, “Je, Aspinall atashinda?”, basi hakushinda, na mnunuzi hapati hata senti. Hati tatu, jina moja, usiku mmoja, na malipo matatu mbalimbali. Ndiyo maana hushangaza kuwaona watu wakilinganisha bei za masoko mawili, na kulisifu lenye bei nafuu, bila kwanza kuhakikisha kwamba bidhaa ni moja.

Kisha yatazamwe mamlaka ya kuhukumu. Kalshi huamua yenyewe chini ya jicho la tume ya serikali. Polymarket hutegemea utaratibu uitwao UMA, ambamo mtu hupendekeza matokeo huku akiweka dhamana, wengine hupewa muda wa kupinga, na mzozo ukiendelea hupelekwa kwa kura ya wenye sarafu za mtandao huo. Utaratibu huu una uwazi wake, lakini mwaka 2025 ulizua ugomvi mkubwa juu ya hati iliyouliza kama Rais Zelenskyy angevaa suti, watu wakabishana juu ya koti alilolivaa. Kwa upande wangu, nalipatia daraja ya juu soko linalotaja chanzo kimoja tu, yaani matokeo rasmi yaliyotangazwa ulingoni usiku ule na tume iliyosimamia pambano, na kusema bayana kwamba utenguzi wa baadaye haubadili malipo.

Baada ya sharti huja kina. Usilipime soko kwa pambano kuu, ambako kila mtu yupo. Lipime kwa pambano la kwanza la jioni, la vijana wasiojulikana, utazame pengo lililopo kati ya bei ya kununua na ya kuuza, na kiasi kinachongoja katika kila bei. Anunuaye kwa 63 na kuweza kuuza palepale kwa 61 yumo katika soko hai, lakini yule wa 68 na 55 amekwisha kupoteza kabla ya kengele. Kina hujaribiwa pia pambano likiendelea: Agosti 2022, mjini Salt Lake City, Kamaru Usman alikuwa akiongoza kwa pointi mbele ya Leon Edwards, zikisalia sekunde 56 za raundi ya tano, teke moja likamlaza chini. Soko bora ni lile ambalo hata wakati kama huo, kila mtu akiamini mambo yamekwisha, bado lina muuzaji na mnunuzi wa kweli.

Ujira hauhitaji maneno mengi. Kanuni ya kawaida ya Kalshi ni 0.07 mara bei mara salio la bei hadi dola, kwa hiyo hati ya senti 50 hutozwa takriban senti 1.75, na ile ya senti 90 chini ya senti moja.

Lililobaki ni uadilifu. Novemba 2022 mjini Las Vegas, saa chache kabla ya pambano dogo, fedha zilimiminika upande mmoja, na mpiganaji wa upande wa pili akaanguka katika raundi ya kwanza; baadaye tume ya Nevada ilimwadhibu kwa kuficha jeraha. Novemba 2025 kampuni ya TKO, inayoimiliki UFC, mwandaaji wa mapambano tuliyoyataja, ilitangaza ushirika na Polymarket, kwa hiyo haja ya hadhari imezidi. Mpimaji na atafute katika kanuni za kila soko mambo mawili: kama makocha, waamuzi na watu wa kambi za wapiganaji wamekatazwa kwa maandishi kununua hati, na kama soko laweza kusimamisha biashara ya pambano moja pindi bei inaporuka pasipo habari iliyotangazwa.