Anayekimbia Kodi na Mkono Uliomchora

Tarehe tano ikifika kwenye ploti yetu hapa Kaptembwo, Nakuru, utajua nani hajalipa kodi kwa vile anavyotembea. Anapita akinyata ukutani, viatu mkononi. Ndiyo maana nilipokutana na Ally Sloper kwenye simu, nilimtambua mara moja.

Jina lake ni mzaha wa Kiingereza: mtu anayechepukia kichochoroni mwenye nyumba akitokea. Pua kubwa, kofia imepondeka, mwavuli. Alitokea mara ya kwanza 1867 katika Judy, gazeti la vichekesho la London, akiwa kazi ya Charles Henry Ross. Lakini muda si muda, aliyekuwa akimchora ni mwanamke: Marie Duval, jina halisi Isabelle Émilie de Tessier, mwigizaji wa jukwaani ambaye hakusomea uchoraji.

Na kusema kweli, inaonekana. Miili haina vipimo, mistari inaenda mbiombio. Wenzake walichora nguo zikakaa sawasawa. Yeye alichora watu wakianguka, wakisongamana, wakikurupuka. Ni macho ya mtu wa jukwaa: anajua kicheko hutoka kwenye mwili kabla ya maneno. Hapo ndipo ninapompenda.

Si kila kitu kimezeeka vizuri. Ikey Mo, mshirika wa Sloper katika ujanja wake, ni kejeli ya Wayahudi, na hiyo hainichekeshi.

Mwaka 1884 Sloper alipewa gazeti lake mwenyewe, Ally Sloper's Half Holiday, na W. G. Baxter akapata umaarufu kwa kumchora. Duval alifariki 1890. Kwa muda mrefu sifa za kazi yake zilimwendea Ross.

Sisi nasi tuna Juha Kalulu wa Taifa Leo, na angalau Edward Gitau, aliyemchora, tunamtaja. Binamu yangu hana bahati hiyo. Huchora majirani. Mchoro wake wa mama aliyejificha nyuma ya nguo zilizoanikwa, mwenye ploti akibisha mlango, ulizunguka WhatsApp hadi ukanirudia, kona yenye jina lake imekatwa. Yeye alicheka tu. Mimi nilikasirika, nikamtumia michoro ya Duval na habari zake.

Siku hizi haandiki jina lake kwenye kona. Analiandika kwenye shati lililoanikwa, katikati kabisa. Ukilikata, umekata na kichekesho.