Kidole Kikisita

Ukitaka kujua kama tovuti imetengenezwa na fundi wa kweli, usianze kwa kuitazama tovuti. Mpe mtu simu, mpe na shughuli ya kufanya, halafu keti pembeni umwangalie kidole gumba. Kikishuka bila kusita, ukurasa umesema. Kikibaki hewani, kikawa kinazunguka juu ya skrini kama nzi anayetafuta pa kutua, hapo pana kosa, na kosa si la mwenye kidole.

Wengi tunahukumu tovuti kwa ukurasa wa mbele: picha kubwa, rangi za kupendeza, maneno ya kukaribisha. Ni sawa na kusifia nyumba kwa geti lake. Mtu haji kwenye tovuti kutembea. Amekuja kulipa, kuomba, kukata tiketi, au kujua kliniki inafunguliwa saa ngapi. Kila ukurasa anaoufikia una deni kwake: umwonyeshe pa kwenda baada ya hapo.

Anza na kitufe. Funika ukurasa wote kwa kiganja, ubakize maneno yake tu. "Lipa ada ya maombi" yanajitosheleza. "Endelea" linavumilika kama bado kuna hatua mbele. "Wasilisha" limezagaa kila mahali, lakini ni neno la masijala. Halimwambii mtu kitakachotokea akishabonyeza. "Bofya hapa" ni uvivu mtupu.

Kisha hesabu vitufe. Katika ukurasa mmoja kitufe kikuu kiwe kimoja, na vingine vijishushe kwa rangi na ukubwa. Hili nililishuhudia kwa uchungu siku nilipokaa na mpwa wangu akijaza fomu ya kuomba chuo kwenye simu. Alijaza jina, shule, namba ya mtihani, matokeo somo kwa somo, majina ya wadhamini. Dakika arobaini. Chini kabisa palikuwa na vitufe viwili, vyote vya bluu, vinagusana: "Tuma" na "Futa". Kidole kikasita, kikashuka. "Mjomba," akaniuliza, "mbona imerudi tupu?" Sikuwa na la kumjibu. Binti alikuwa makini kuliko mimi. Aliyeweka kitufe cha kufuta kazi ya dakika arobaini kando ya kile cha kuituma ndiye aliyepaswa kuulizwa.

Mfano wa kazi iliyofanywa vizuri ni GOV.UK, tovuti ya serikali ya Uingereza iliyozinduliwa Oktoba 2012. Mwaka 2013 Design Museum ya London iliipa tuzo ya ubunifu bora wa mwaka, na ukiifungua utashangaa, maana haina urembo: herufi nyeusi, nafasi nyeupe, basi. Uzuri wake unauona ukiwa na shida. Ukurasa wa kuanzia huduma unakueleza kwa mistari michache huduma inamhusu nani na uwe na nini mkononi, halafu unakuta kitufe kimoja cha kijani cha kuanza. Ndani, maswali huja moja moja, kila swali na ukurasa wake. Kabla ya kutuma, majibu yako yote yanapangwa mbele yako, na kando ya kila jibu kuna kiungo cha kulibadilisha. Hakuna anayelazimika kurudi mwanzo kwa sababu ya herufi moja.

Nasi hatuhitaji kwenda mbali kujifunza hilo. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, ilikaa ndani ya laini, kwenye simu za vitufe zenye skrini ndogo sana. Hapakuwa na nafasi ya mapambo. Weka namba, weka kiasi, weka namba ya siri, hakiki. Kisha ujumbe unaingia wenye kumbukumbu ya muamala na salio lililobaki. Ufinyu ule ulimlazimisha mbunifu kuuliza jambo moja kwa wakati mmoja, na mama muuza mboga akaweza kutuma pesa bila kufundishwa mara mbili. Mbunifu wa leo, mwenye skrini pana, ajilazimishe mwenyewe.

Turudi kwenye kupima. Toka na simu nje, juani. Kijivu hafifu juu ya nyeupe kinapendeza kwenye kompyuta ya ofisini; saa saba mchana kituo cha daladala hakisomeki. Miongozo ya W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na toleo la 2.2 la mwaka 2023 linataka eneo la kubonyeza liwe walau pikseli 24 kwa 24. Kwa kidole gumba cha mtu mzima, mimi naona hicho ni kima cha chini mno. Apple hushauri pointi 44, na afadhali hivyo.

Jaribu pia mtandao ukiwa dhaifu. Ukibonyeza "Lipa", kitufe kibadilike papo hapo, kiseme "Inatuma", kisikubali kubonyezwa tena. Kikikaa kimya, mtu atabonyeza mara ya pili, na huenda akalipa mara mbili.

Halafu kosea kwa makusudi. Punguza tarakimu moja kwenye namba ya simu. Tovuti ya hovyo itasema "Kosa limetokea" juu kabisa, mahali usipopaona, na kufuta ulichoandika. Tovuti nzuri itaacha kila kitu kilipo na kuandika kando ya kisanduku kilekile: "Namba hii ina tarakimu 9. Inatakiwa kuwa na 10."

Usiondoke kabla ya ukurasa wa mwisho, ambao wabunifu wengi huufanya wakiwa wameshachoka. Utafute namba ya kumbukumbu iliyoandikwa kwa herufi kubwa, jibu litakuja lini, litakuja kwa SMS au barua pepe, na likichelewa mtu ampigie nani. Mpwa wangu alijaza fomu ile upya usiku uleule. Ukurasa wa mwisho uliandika "Asante". Wiki tatu alikuwa akiingia kila jioni kuangalia kama ombi lake bado lipo.